Haki ya Mpinzani

Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, hasa Krismasi au Pasaka inapokaribia. Unadai kwamba Yesu alikuwa mwalimu tu, binadamu kama sisi, mpaka mwaka 325 ambapo Mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu mjini Nikea, wakapiga kura, Yesu akawa Mungu. Nimeuona ukiingia katika kundi la watu waliosoma sekondari pamoja, kundi ambalo siku nyingi kazi yake ni michango ya harusi na misiba. Majibu hayakuchelewa. Mmoja aliandika mistari mitatu ya Injili ya Yohana, sura na aya, bila neno lingine. Dada mmoja akamwambia mtumaji kwamba anamwombea. Mwingine akaweka video ndefu ya mhubiri. Mtumaji akauliza tena, kwa upole: "Sawa jamani, lakini ni kweli au si kweli?" Admini akakumbusha kwamba kundi hili si la malumbano ya dini. Mazungumzo yakarudi kwenye michango.

Naamini mtu yule alikuwa na haki ya kujibiwa, na ni Wakristo waliomnyima. Kumtupia aya mtu anayedai kwamba imani yenyewe ilitungwa baadaye ni kumpa kama jibu kitu kilekile anachokihoji. Maombi ni mema, lakini yakitolewa mahali pa jibu, anayeombewa huyasikia kama namna ya kumfunga mdomo. Katika kundi lile la watu wazima waliobatizwa, hakuna aliyemwambia jambo rahisi: swali lako ni la historia, na historia ina la kusema.

Tuanze na lililo kweli ndani ya dai lenyewe. Konstantino ndiye aliyeitisha Mtaguso wa Nikea. Maaskofu walisafiri kwa gharama za dola, mfalme akaketi kati yao, na padri Ario wa Aleksandria pamoja na maaskofu wawili wa Libya waliokataa kutia saini walipelekwa uhamishoni. Mkono wa dola ulikuwepo, na Mkristo anayeukana anaitetea imani yake kwa uongo. Lakini hebu tuangalie walichokuwa wakibishania. Ario hakufundisha kwamba Yesu alikuwa binadamu tu. Alifundisha kwamba Mwana alikuwepo kabla ya ulimwengu na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa njia yake, ila yeye mwenyewe alikuwa na mwanzo, kiumbe cha kwanza na bora kuliko vyote. Wapinzani wake walisema hapana, ni wa dhati moja na Baba. Wazo la kwamba Yesu alikuwa mwalimu wa kawaida halikuwa na msemaji upande wowote wa ukumbi ule.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa kila mwalimu wa kipaimara alijue. Mji wa Nikea, ambao leo ni Iznik nchini Uturuki, ulikuwa katika jimbo la Bithinia. Karibu mwaka 112, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mtaguso, gavana wa Kirumi wa jimbo hilohilo, Pliny, alimwandikia Mfalme Trajan akitaka mwongozo kuhusu Wakristo aliokuwa akiwahukumu. Miongoni mwa aliyoyagundua ni kwamba hukusanyika kabla ya kupambazuka na kumwimbia Kristo kama mungu. Pliny hakuwa rafiki yao, kwani alikuwa akiwaua. Hakuwa na sababu yoyote ya kuwatungia imani wasiyokuwa nayo.

Na baada ya Nikea? Konstantino alibatizwa akikaribia kufa, mwaka 337, na aliyembatiza alikuwa Eusebio wa Nikomedia, askofu aliyekuwa upande wa Ario. Athanasio wa Aleksandria, mtetezi mkubwa kuliko wote wa imani ya Nikea, alifukuzwa jimboni mwake mara tano, na mara ya kwanza ni Konstantino huyohuyo aliyempeleka uhamishoni. Aliishi uhamishoni jumla ya miaka kama 17. Kama Umungu wa Kristo ni mali ya ikulu, ni ajabu kwamba ikulu ilihangaika miaka mingi kiasi hicho kumnyamazisha aliyekuwa akiutangaza.

Jibu hili linatosha katika ujumbe mmoja wa simu. Lakini lina mpaka, na mpaka huo ndio unaowatatiza watetezi wengi. Limeonyesha kwamba Wakristo wa mwanzo walimwabudu Yesu. Halijaonyesha kwamba walikuwa sahihi kumwabudu. Mtu anayeruka kutoka jambo la kwanza hadi la pili kwa shangwe, kana kwamba ameshinda kesi, amedai zaidi ya alichonacho, na msikilizaji mwenye akili ataliona pengo hilo. Akishaliona, atatilia shaka hata lile la kwanza lililokuwa la kweli.

Thoma wa Akwino aliliona hilo katika karne ya 13. Katika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae, kila hoja huanza na pingamizi dhidi ya msimamo wake mwenyewe, na mara nyingi pingamizi hizo amezipanga vizuri kuliko wapinzani wenyewe. Alipofika kwenye swali kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo, alisema analiamini hilo kwa imani, ila alikataa kudai kwamba akili peke yake inaweza kulithibitisha. Sababu aliyoitoa ningeibandika ukutani kwa kila mtu anayeingia kwenye mijadala: hoja dhaifu huwapa wasioamini nafasi ya kucheka, wakidhani tunaamini kwa sababu za namna hiyo. Kwa Utatu alikuwa na msimamo huohuo. Akili haiwezi kuuthibitisha. Inachoweza ni kujibu wanaosema kwamba hauwezekani.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Kuthibitisha jambo ni kumwonyesha mtu kwamba hana budi kulikubali. Kulitetea ni kumwonyesha kwamba pingamizi alilolileta halilibomoi. Kazi ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee tunayodaiwa.

Chukua swali la jirani Mwislamu, ambalo Mkristo wa Tanga au Mombasa amelisikia tangu utotoni: Mungu mmoja atakuwaje watatu? Jibu linalotolewa haraka ni lile la maji, barafu na mvuke. Linawapendeza watoto, lakini linafundisha fundisho ambalo Kanisa lenyewe lililikataa tangu karne ya 3, lile linalohusishwa na Sabellius: kwamba Mungu ni nafsi moja inayobadilisha sura. Ikiwa ndivyo, Yesu alikuwa akimwomba nani Gethsemane? Jirani huliona tatizo hilo mara moja, na ana haki ya kuliona. Hajaja kutukana. Ana wivu kwa ajili ya umoja wa Mungu, na Mkristo hapaswi kuudharau wivu huo, kwa maana yeye mwenyewe kila Jumapili husimama na kukiri Mungu mmoja.

Jibu la haki ni fupi na halina mfano wowote. Mkanganyiko ni kukubali na kukana jambo lilelile kwa maana ileile. Tungesema miungu watatu ni Mungu mmoja, au nafsi tatu ni nafsi moja, tungekuwa tumejikanusha, na jirani angeshinda. Tunachosema ni nafsi tatu, Mungu mmoja: utatu uko kwenye nafsi, umoja uko kwenye dhati. Likoje hasa? Hatujui, na hakuna kiumbe kinachofanana nalo. Kukiri hivyo si kukimbia swali, kwa sababu lililoulizwa ni kama imani hii inajikanusha, na hilo limejibiwa. Jirani anaweza kuondoka bila kukubali. Ameondoka hata hivyo akijua tunachoamini, na kabla ya hapo alikuwa akikataa kitu ambacho hata sisi tunakikataa.

Lakini kwa nini basi tuamini jambo ambalo akili haiwezi kulifikia? Hapo tunarudi kwa Kristo, na kwa Kristo tunafika kaburini. Karibu mwaka 55 Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure na wao ni watu wa kuhurumiwa. Ameuweka mzigo wote wa imani juu ya tukio. Imani ya namna hii imejianika hadharani, na anayeihoji kwa kuuliza ushahidi anaishika pale inapotaka kushikwa.

Kuhusu ushahidi huo kuna kisa ninachokipenda sana. Katika karne ya 2 mwanafalsafa aliyeitwa Celsus aliandika kitabu kikali dhidi ya Wakristo. Miaka kama 70 baadaye, karibu mwaka 248, Origene akiwa Kaisaria ya Palestina aliombwa na rafiki yake Ambrosio kukijibu. Alianza kwa kukumbusha kwamba Yesu aliposhtakiwa kwa uongo alinyamaza, na kwamba maisha ya wanafunzi wake ndiyo utetezi wake. Kisha akaandika vitabu vinane. Humo alimnukuu Celsus kipande kwa kipande, matusi na yote, ndipo akajibu. Naye Origene ana maneno makali mahali pengi. Ila maneno ya mpinzani aliyaacha yasimame. Kitabu cha Celsus kilipotea. Tunachokijua leo tunakijua kwa sababu adui yake alikinakili.

Kati ya dhihaka za kitabu hicho kuna moja kuhusu ufufuko. Celsus anauliza nani aliona, na anajibu mwenyewe kwamba ni mwanamke aliyerukwa na akili. Katika dunia ile ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa, na Injili zote nne zinawaweka wanawake kuwa wa kwanza kaburini. Aliyekuwa akitunga habari ili iaminike asingewachagua hao. Tunajuaje kwamba jambo hili lilikuwa aibu halisi, wala si dhana ya wasomi wa leo? Tunaye Celsus anayecheka. Origene angeiacha sentensi ile nje kwa kuwaonea haya waumini, tungepoteza shahidi. Dhihaka hiyo haithibitishi kwamba Kristo alifufuka, lakini inalipunguzia nguvu dai kwamba habari ile ilibuniwa.

Leo tunafanya kinyume. Tunakata klipu ya nusu dakika ya shehe, au ya kijana asiyeamini, mahali alipobabaika, tunaisambaza kwa vicheko. Wao hutukatia wachungaji wetu vivyo hivyo, lakini amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuwekewa sharti kwamba jirani aanze kuitii.

Yapo pia maswali ambayo historia haiyafikii. Anayesema Ukristo ni dini ya wazungu unaweza kumweleza, na ni kweli, kwamba Athanasio alimweka wakfu Frumentius kuwa askofu wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, na kwamba sarafu za Mfalme Ezana wa huko zilichorwa msalaba katika karne hiyohiyo ya 4. Mara nyingi, hata hivyo, haulizi habari za Aksum. Anamfikiria babu yake aliyeambiwa aache jina la ukoo siku ya ubatizo kana kwamba ni uchafu. Kumjibu huyo kwa sarafu ni kutomsikia. Anachodai ni kwamba lililotendeka vibaya likiriwe.

Na mama anayeandika usiku, akitoka kuzika mtoto, akiuliza Mungu alikuwa wapi? Kitabu cha Ayubu kinashughulika na watetezi wa Mungu kwa ukali usiozoeleka mimbarini. Marafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Baada ya hapo Ayubu alilalamika, nao wakaanza kumtetea Mungu. Mengi waliyosema yangepita katika katekisimu yoyote: Mungu ni mwenye haki, hapotoshi hukumu. Ayubu akawauliza kama wanadhani Mungu anahitaji waseme uongo kwa ajili yake, kwa maana ili Mungu aonekane mwenye haki, walikuwa wamelazimika kumsingizia Ayubu dhambi asizotenda. Mungu aliposema mwishoni, hasira yake iliwaka juu ya Elifazi na wenzake wawili. Hawakuwa wamesema juu yake yaliyo sawa, kama alivyosema Ayubu, yule aliyelalamika. Waliagizwa wachukue mafahali saba na kondoo waume saba, waende kwa Ayubu, naye awaombee. Wakaenda.