MSAADA WA SERIKALI ZA KIGENI WAKATI WA MSIBA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, wako watu wasemao kuwa ni aibu kwa nchi ya Kiislamu kupokea msaada wa serikali isiyokuwa ya Kiislamu, khasa iliyopata kuitawala. Na wako wengine ambao, wakisha kupewa gunia la unga, huona yawapasa kumtii mpaji katika kila alitakalo. Wote wawili wamekosea.

Tuutazame mji wa Agadir, nchini Morocco. Usiku wa tarehe 29 Februari 1960, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, ardhi ilitetemeka kwa muda mchache tu, na nyumba zikawaangukia wenyewe. Walikufa watu zaidi ya 12,000. Miongoni mwa wa mwanzo kufukua kifusi walikuwa mabaharia wa Ufaransa waliokuwa na kituo chao karibu na mji, kisha wakaja Wamarekani kwa ndege zao. Na wiki tatu zilikuwa hazijatimia tangu Ufaransa kuripua bomu lake la kwanza la atomiki katika Sahara ya Algeria, jambo ambalo Morocco ililipinga kwa nguvu.

Je, ilikosea kuupokea msaada huo? Hasha! Aliye chini ya kifusi hamwulizi dini yake mwenye kumfukua. Na Kurani imetufunza kuwa kuihuisha nafsi moja kuna uzito wa kuwahuisha watu wote. Walakini Morocco haikuilipa shukrani kwa uhuru wake: madai ya kuondoka majeshi ya kigeni hayakuachwa, na mwaka 1961 Wafaransa wakatoka.

Nchi hiyo hiyo ilipatwa tena tarehe 8 Septemba 2023, wakafa watu karibu 3,000 katika milima ya Atlas. Safari hii serikali ilipokea vikosi vya nchi nne tu: Hispania, Qatar, Uingereza na Imarati, ikasema kuwa misaada isiyopangwa yaweza kudhuru. Kupanga ni haki ya mtawala. Lakini kila mtawala na ajiulize: nakataa kwa kuwa wafukuaji wanatosha, au kwa kiburi? Akikataa kwa kiburi, na watu wangali wanalia chini ya mawe, ataulizwa juu yao Siku ya Kiyama.

Na mpaji naye ana wajibu wake. Thumama bin Uthal alipowazuilia Makureshi nafaka ya Yamama, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru awaachilie, na hali wao ni maadui zake. Njaa ya watu hakuifanya silaha.

Basi tupokee bila ya kujiuza, tushukuru bila ya kuabudu, na tutoe bila ya masharti. Na tusomeshe vijana wetu uganga na ujenzi, ili kesho tuwe sisi wa mwanzo kufika kwa jirani.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.