Saini ya Mganga Ni Mali ya Nani?

Mwaka jana mwana wa ami alinipigia simu kutoka Minneapolis, amekasirika. Mgongo wamsumbua tangu aanze kazi ya kubeba mizigo ghalani. Huenda kwa tabibu mmoja wa kunyoosha mgongo, na safari hii alimpelekea fomu ya kibali cha kuegesha gari sehemu ya walemavu, amtilie saini. Tabibu akamwuliza maswali, akampima, akamtembeza kwenye ujia nje ya chumba, kisha akamrudishia fomu haina saini.

"Mimi namlipa pesa zangu," akaniambia. "Kalamu anayo mkononi, wino haumgharimu kitu. Ile nafasi yenyewe kutwa iko tupu. Sasa huyu ana utu kweli?"

Siku ile sikumjibu. Naandika jibu hapa kwa sababu swali lake ni letu pia, sisi tunaokaa kambini na nyinyi mnaokuja kutuhudumia. Hapa hatuna magari ya kuegesha. Lakini laini tunazo: ya rasheni, ya maji, ya zahanati. Na kila penye laini, yuko mtu anayeruhusiwa kupita mbele, na yuko mtu mwingine aliyesema kwamba huyu apite.

Kwanza niwaeleze hao matabibu. Wanaitwa makairoprakta. Kazi yao ni ya mikono, si ya kisu: hunyoosha uti wa mgongo na viungo. Aliyeianzisha ni Daniel David Palmer, mjini Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895. Mwaka 1906 huyohuyo alitiwa jela kwa kutibu watu bila leseni. Leo wafuasi wake wana leseni za serikali, na sheria ya Minnesota inawataja pamoja na madaktari katika orodha ya wanaoweza kuthibitisha kwamba mtu anastahili kile kibali.

Sheria hiyo haiulizi kama mtu anaumwa. Inauliza mambo yanayopimika, kwa mfano: je, aweza kutembea futi 200, yaani karibu mita 60, bila kusimama kupumzika? Tabibu akithibitisha uongo kwa makusudi, ni kosa la jinai, na faini yake ni dola 500. Kule California wameweka mpaka mwingine: kairoprakta anaruhusiwa kuthibitisha aina fulani tu za ulemavu, kama ule wa miguu. Moyo na mapafu si kazi yake. Tena yambidi aweke kumbukumbu za kutosha, ili bodi ikija kuuliza aweze kuonyesha kwa nini alitia saini.

Hiyo ni sheria. Lakini mtu aweza kuiogopa sheria na bado asijue lililo sawa. Mwana wa ami hakuniuliza habari ya faini. Aliniuliza habari ya utu.

Kwetu Burgao hatukuwa na kairoprakta, wala zahanati ya maana. Tulikuwa na ami, baba yake huyu huyu anayepiga simu. Mtu akiteguka bega akivuta wavu, akianguka kwenye mikoko akikata boriti, aliletwa barazani kwa ami. Alikanda kwa mafuta, akarudisha kiungo mahali pake, akafunga kwa vipande vya mti na kitambaa. Na alikuwa na kazi ya pili ambayo nilikuja kuielewa ukubwani. Baharia aliyeumia hakunyimwa fungu lake. Chombo kikirudi, samaki wakigawiwa, na lake liliwekwa kando, mpaka ami aseme amepona. Neno la ami lilikuwa ndiyo saini yetu.

Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa amevunjika mkono. Mkono umeunga, ami ameufungua, lakini mkewe alikuwa amejifungua juzi tu, naye akataka kukaa nyumbani. Akaja usiku, kwa adabu zote. "Ami, niongeze wiki moja tu. Sema bado." Ami akaushika ule mkono, akaukunja, akaukunjua. Akamwambia: "Mwanangu, fungu lako halitoki kwangu. Latoka kwa wale walioko baharini. Mimi siwezi kuwa karimu kwa mali yao." Kisha akaingia ndani, akatoka na nusu ya samaki wetu wa siku ile, akampa. "Hiki ni changu. Hiki naweza kukupa."

Tulikula mchuzi mwepesi usiku ule. Nilikuwa mtoto, nikaona ami ni mgumu bila sababu. Sasa naona alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi twavichanganya kila siku: huruma na ushahidi. Huruma hutoka mfukoni mwako. Ushahidi hutoka mfukoni mwa mtu ambaye hayupo barazani kujitetea. Nafasi ya kuegesha iko tupu kutwa kwa sababu imewekewa mtu asiyejulikana atakuja saa ngapi. Akija na kiti chake cha magurudumu akaikuta ina gari, hatajua nani alitia saini. Mwenye saini naye hatamwona kamwe. Ndiyo maana uongo huu ni mwepesi: anayeshukuru yuko mbele yako, anayeumia hana sura.

Na si lazima aongope tabibu. Mwaka 1999 kule Los Angeles, wachezaji kadhaa wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha UCLA walifikishwa mahakamani kwa kupata vibali vya walemavu kwa karatasi za uongo, nyingine zina saini za kughushi. Vijana wenye nguvu za kuangushana uwanjani! Nilipoisoma habari hiyo nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Kwa sababu na mimi nimefanya. Miaka kadhaa nyuma, hapa kambini, niliombwa niandike majina ya watu wa mtaa wetu wasioweza kusimama muda mrefu, wapitishwe mbele siku ya rasheni. Nafasi zilikuwa chache na zimehesabiwa. Rafiki yangu mmoja, mzima wa afya, alikuwa na biashara yake ndogo na hakutaka kupoteza asubuhi nzima. Aliwahi kunisaidia nilipokuwa sina kitu. Nikamwandika. Hakunipa hata shilingi. Nilijiona mtu mwema. Siku hiyo mama mmoja wa mtaa wa pili, mwenye nyonga mbovu, alikosa nafasi, akasimama juani mpaka akaanguka. Walimbeba kwa toroli. Sikuwa nimemnyima kwa chuki. Sikumfikiria kabisa, na hilo ndilo lililonitia haya.

Lakini msinielewe vibaya, hasa nyinyi wenye vitambulisho shingoni. Kutotia saini si uadilifu peke yake. Kuna tabibu anayekataa kwa kuwa ameogopa faini, au kwa kuwa mgonjwa hana sura ya mgonjwa. Yule mama mwenye nyonga alikuwa akitembea hatua ishirini za kwanza vizuri kuliko mimi. Anayemtazama akitoka mlangoni husema ni mzima. Lazima umfuate mpaka hatua ya arobaini ndipo uone. Jicho lenyewe halitoshi, lazima upime. Na ukipima ukakuta ni kweli, kutotia saini nako ni ushahidi wa uongo. Umesema "huyu aweza", naye hawezi.

Tena kuna jambo la nani anayepima. Ni vigumu kumwambia hapana mtu unayemtibu kila wiki, anayekulipa, mnayejuana. Uingereza waliliona hilo, na kuanzia 2012 mwombaji wa kibali anayehitaji kupimwa kutembea kwake hupimwa na mtu wa kando, asiye tabibu wake. Sisi majina yetu huandikwa na majirani, na jirani ana marafiki. Sisemi majirani waondolewe, maana wao ndio wanaojua nani huanguka njiani. Nasema jirani aseme anachokijua, na mtu mwingine apime. Na laini yenyewe ikiwa ya saa sita juani, msishangae watu wazima wakitafuta karatasi ya ulemavu. Punguzeni jua kwanza. Wekeni kivuli na mabenchi. Nusu ya uongo itakwisha kabla hamjamshika mwongo hata mmoja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa mwenye nyonga mbovu, hata njia ya mita 60 ni ndefu.

Juzi nilimpigia mwana wa ami. Nikamhadithia habari ya kijana wa mkono na ile nusu ya samaki. Yeye alikuwa mchanga wakati ule, na tulipokimbia vita kwa mashua kuja Kenya alikuwa bado yuwabebwa mgongoni. Baba yake hamkumbuki vizuri. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Sasa mgongo wangu?" Nikamwambia arudi kwa tabibu wake, amweleze kazi ya ghala ilivyo, aombe barua ya kumwambia mwajiri asibebe mizigo mizito. Barua hiyo ni kweli, na hiyo tabibu aweza kuitia saini bila kuchukua cha mtu.

"Na ukichoka kutembea kutoka gari lilipo," nikamwambia, "mwombe nduguyo akushushe mlangoni."