Aliyefukia Talanta Aliogopa Nini?

Somo: Mathayo 25:14-30



Mfano wa talanta twausikia mara nyingi kanisani, hasa wakati wa kuhimizana juu ya uwakili, na kwa desturi yule mtumwa wa tatu twamwita mvivu, kisha twampita. Bwana wake naye alimkemea kwa ulegevu, nasi hatuna ruhusa ya kumpa jina jema zaidi. Lakini yafaa tumsikilize alivyojieleza mwenyewe katika aya ya 25. Hakusema kwamba alichoka, wala kwamba alisahau. Alisema kwamba aliogopa.

Tuangalie kwanza ukubwa wa kitu alichofukia. Siku zile dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tuonavyo katika Mathayo 20:2. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, yaani ujira wa kibarua wa miaka ipatayo 20. Basi, hakupewa kidogo. Wala hakukaa bure: alichimba shimo, akafukia, akakumbuka mahali, akatunza siri. Alitumia nguvu zake mwenyewe kuhakikisha kwamba mali aliyopewa haitazaa. Watanzania wa rika langu twalijua vizuri neno hujuma tangu msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Siku zile mhujumu alitafutwa madukani na maghalani. Leo nawasihi tumtafute karibu zaidi, kwa maana wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu huyu aliogopa nini? Aliogopa kupimwa. Mtu akijitahidi kwa uwezo wake wote kisha akashindwa, hana pa kujificha. Bali akishindwa kwa sababu hakujiandaa, hubaki na neno la kujifariji: "Ningejiandaa, ningeweza." Mwaka 1978 wataalamu wawili wa saikolojia huko Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa maswali, na baadhi yao walipewa maswali yasiyo na jibu. Kisha wote wakaambiwa kwamba wamefanya vizuri sana. Kabla ya mtihani wa pili walichaguzwa kati ya dawa mbili: moja ilisemekana huongeza uwezo wa akili, nyingine huupunguza. Wale waliosifiwa bila kujua wamefauluje, hasa wanaume, ndio waliochagua zaidi ile ya kupunguza. Waliona heri kuwa na kisingizio mkononi kuliko kupimwa tena na kufedheheka.

Katika miaka yangu ya ukufunzi nilimwona mwanachuo wa namna hiyo. Darasani alikuwa hodari, lakini katika mazoezi ya kufundisha, kila siku aliyojua kwamba mkufunzi atakaa nyuma ya darasa lake, alikuja bila andalio la somo. Leo taa iliishiwa mafuta, kesho daftari limepotea. Baadaye mwenzake wa bwenini alinieleza kwamba maandalio aliyaandika usiku, tena vizuri, kisha akayachana kabla ya kulala. Hakuhitaji karipio jingine. Tulipatana kwamba andalio lake aliandike mbele ya mwenzake huyo na kumwachia alitunze hadi asubuhi, na kwamba mimi nitamsikiliza kwa dakika kumi tu. Somo la kwanza juu ya sehemu, kwa machungwa yaliyokatwa, halikuwa zuri. La pili lilikuwa afadhali. Alihitimu, na kazi ya ualimu akaifanya.

Wenzetu wa namna hiyo tunao katika mtaa wetu. Yuko kijana aliyeitwa kwenye usaili akachelewa kwa hiari. Yuko mwimbaji asiyekuja mazoezini ili Jumapili asema, "Mimi sikufanya mazoezi." Yuko baba ambaye nyumba ikianza kutulia huzusha ugomvi, kwa kuwa amani hiyo anaihofia kwamba haitadumu, na huona nafuu kuivunja mwenyewe.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila anguko ni la kujitakia. Ukame, ugonjwa na dhuluma huwaangusha watu wenye bidii, nasi tusiwaongezee mzigo kwa kuwahukumu. Tena aliyefungwa na pombe, au mwenye huzuni isiyoondoka, ahitaji maombi pamoja na tabibu.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tusahihishe picha tuliyo nayo juu ya Bwana wetu. Mtumwa yule alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, avunaye asipopanda. Lakini bwana huyo ndiye aliyemkabidhi mali ya miaka ishirini! Tena linganisheni aya ya 21 na ya 23: wa talanta tano na wa talanta mbili walipewa sifa ile ile, neno kwa neno. Hakuna aliyepimwa kwa mizani ya jirani yake.

Pili, tuanze na hatua ndogo. Katika aya ya 27 bwana asema kwamba angalau fedha ingewekwa kwa watoa riba. Hakumdai faida ya talanta tano. Hata hatua ile ndogo kuliko zote angeipokea. Asiyeweza kuongoza kwaya ahudhurie mazoezi Jumatano hii.

Tatu, tusifukie peke yetu. Shimo huchimbwa kwa siri. Mweleze mkeo, au mumeo, au kasisi, au rafiki mmoja mwaminifu, lile unaloliogopa. Katika ungamo la Sala ya Asubuhi twaungama kwanza yale tuliyoyaacha, ndipo yale tuliyoyatenda. Tusiyapite maneno hayo kwa haraka.

Na kama shimo limekwisha kuchimbwa? Mtazameni Petro. Alimkana Bwana akiwa penye moto wa makaa (Yohana 18:18), naye Yuda alimsaliti. Wote wawili walijuta. Yuda alikwenda akajihukumu mwenyewe, peke yake. Petro alilia kwa uchungu, lakini alibaki pamoja na ndugu zake, hata Bwana alipomkuta ufuoni, penye moto wa makaa tena (Yohana 21:9). Hapo hakuulizwa kwa nini alikana. Aliulizwa mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alipewa kazi. Talanta iliyofukiwa haiozi. Bado yaweza kufukuliwa, nayo siku ya kufukua ni leo.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetukabidhi zaidi ya tunavyodhani, utuondolee hofu ituchimbishayo mashimo. Utupe kukujua ulivyo, utupe rafiki wa kutushika mkono, na moyo wa kuanza tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.