Mkaribisheni Mtu Katika Hesabu Zenu



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza ahesabu gharama. Somo hilo nimewafundisha wakatekumeni miaka mingi, na huku nyumbani mnara wangu mwenyewe ulikuwa umekwama kwenye msingi.

Ilikuwa mwaka 2019. Mke wangu alichukua simu yangu ampigie mama yake, mara ukaingia ujumbe wa kudai deni. Alijua deni la dukani na mkopo wa Sacco. Mikopo mitatu niliyochukua kwa simu hakuijua. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba Anna, ni ngapi zote?" Nilinyamaza, kwa maana hata mimi sikuzijua.

Baada ya siku mbili za kimya akasema tuwaite wasimamizi wetu wa arusi. Nilikataa. Katekista mzima nionekane siwezi nyumba yangu? Akanijibu, "Siku ile tuliwaomba watusimamie. Kwani tulitaka wasimamie picha?"

Walikuja Jumapili jioni. Mzee ni mwalimu mstaafu, na mama ni mweka hazina wa Jumuiya yetu Ndogo Ndogo. Hawakutudai hata senti, walikunywa chai basi. Waliweka sharti moja: hakuna kusema "kosa ni lako" kabla hesabu haijaisha. Tulifungua daftari, na kijana wetu akatuchapishia taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu. Karatasi ile haina aibu wala huruma, ndugu zangu.

Useremala wangu ulileta kama shilingi 18,500 kwa mwezi, na mboga za mke wangu 9,000. Jumla 27,500. Matumizi: kodi ya nyumba 5,000, chakula 10,500, akiba ya karo 4,500, nauli 2,400, michango 2,800, na vidogo vidogo vya simu, soda na kutoa pesa 3,900. Jumla 29,100. Kila mwezi tulipungukiwa na 1,600, nami nilikuwa nikiziba pengo hilo kwa mkopo, kisha naziba mkopo kwa mkopo mwingine. Madeni yote pamoja yalifika 41,300. Mke wangu alikuwa akijua 12,000.

Palipouma zaidi ni kwenye michango. Nilikuwa nikitoa kila harambee ili nisionekane mdogo. Yule mama alinitazama akasema mchango wa kukopa si sadaka. Maneno hayo yaliniingia kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia, na hata niliyowahi kuyatoa. Tulikata michango ikabaki 800, na vidogo vidogo 1,500. Hapo tu tulipata 4,400. Pengo likazibika na zikabaki 2,800 za kulipa madeni, tukianza na lile dogo kuliko yote.

Wengine huniambia hawana wasimamizi walio karibu, au waliokuwapo wamefariki. Basi mwulizeni mwenyekiti wa Jumuiya awatafutie wazee wa ndoa wanaoaminika kwa siri. Mkiwa wanachama wa Sacco, nendeni ofisini wote wawili mwombe kuelezwa hesabu kabla ya kujaza fomu ya mkopo. Elimu kwa wanachama ni mojawapo ya kanuni saba za ushirika, kwa hiyo hamwombi hisani. Tena sheria ya Kenya inampa kila mkopaji haki ya kupata ripoti yake ya mikopo kutoka CRB mara moja kwa mwaka bila malipo. Kila mmoja aichukue yake, kisha muisome pamoja.

Lakini jihadharini. Anayewaambia msaada ni wa bure kisha adai ada ya kujiandikisha, au namba ya siri ya simu, au awauzie mkopo mwingine wa kulipa ule wa kwanza, mwacheni aende zake.

Na msimpeleke mshauri nusu ya hesabu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, Anania na Safira walificha sehemu ya fedha, na angalau wao walikuwa wamepatana. Katika nyumba zetu mume humficha mke na mke humficha mume, kisha wote wawili hupiga magoti kusali Rozari. Hata mke wangu jioni ile alikiri alikuwa na 6,200 kwenye chama ambazo sikuzijua. Alizificha, akasema, kwa sababu aliniogopa na mikopo yangu. Sikuwa na la kumjibu. Mzee aliziandika kwenye daftari kama zile nyingine zote, akaomba chai iongezwe.