Kupima ni Kuahidi

Elimu ya tiba humfundisha mwanafunzi kazi tatu: kukinga maradhi yasimpate mtu, kuyatambua yakiwa machanga, na kumtunza aliyekwisha patwa. Darasani kazi hizi hupangwa mbali mbali, na kila moja ina mwalimu wake, kipindi chake na mtihani wake. Mpango huo wafaa kwa kufundishia, walakini una hatari ya kumzoeza mwanafunzi kudhani kwamba aliyemaliza kazi moja ametimiza wajibu wote, na iliyobaki ni ya mwingine. Hakuna maradhi yanayoifichua hatari hii kama saratani. Mtu huweza kuambiwa kuwa anayo kabla hajasikia uchungu wowote, na huweza kuendelea kuishi nayo baada ya dawa kushindwa. Kwa hiyo yapasa kuuliza: daktari anapotafuta ndani ya mwili wa mtu maradhi ambayo mtu huyo hakuyalalamikia, anajitwika deni gani?

Swali hili laonekana wazi likitazamwa kutoka Lushoto. Wakulima wa Mlalo, Mtae na Soni hupanda mboga na matunda katika miteremko ya Usambara, na malori huyateremsha mazao hayo hadi Mombo, kisha hushika barabara kuu kwenda Dar es Salaam. Mwanamke wa huko akipatwa na saratani, njia yake hufanana na hiyo. Huanza katika zahanati ya kijiji, akaenda hospitali ya wilaya, akapelekwa Bombo mjini Tanga au KCMC mjini Moshi, na pengine akafika katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kabichi zake hufika mjini zikiwa mbichi. Yeye aghalabu hufika amekwisha nyauka. Kila kituo humtoza nauli, siku za shamba, na sehemu ya siri yake.

Jengo la kale la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897. Mwaka 1996 lilifanywa makao ya taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge, na kwa miaka mingi ndipo palipokuwa mahali pekee nchini pa kutibiwa kwa mionzi. Wengi wa wagonjwa wake hufika maradhi yakiwa yamekwisha enea. Mwanafunzi anayejifunza saratani penye vitanda vya wagonjwa hao hujifunza mengi yaliyo kweli, lakini huusoma mwisho wa hadithi bila mwanzo wake. Hutoka akiamini kuwa saratani ni jina jingine la mauti. Siku anapopangiwa kazi wilayani huichukua imani hiyo pamoja na shahada yake, na mgonjwa huisoma usoni mwake kabla hajafungua kinywa.

Mwanzo wa hadithi hauko hivyo. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoua wanawake wengi nchini kuliko saratani nyingine yoyote, ilikadiriwa mwaka 2020 kuwapata Watanzania zaidi ya 10,000 na kuwaua zaidi ya 6,000. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, na Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua jambo hilo. Maradhi haya hayaji ghafula. Tangu virusi kuingia mwilini hadi saratani kutokea aghalabu hupita miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga dhaifu miaka 5 hadi 10. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwapa wasichana wa miaka 14 chanjo ya virusi hivyo nchi nzima, na mwaka 2024 ikaipanua kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Ama mwanamke aliyekwisha pita umri huo, muuguzi aweza kupaka siki iliyozimuliwa kwa kipimo juu ya shingo ya kizazi chake, akangoja dakika moja, na mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Siki, dakika moja, na jicho lililofunzwa: ufa huonekana wakati ambapo ukuta bado umesimama.

Hapo huinuka pingamizi lenye uzito. Husemwa: ni huruma gani kumwambia mwanamke wa Mlola kwamba ana dalili ya hatari, hali tiba iko mbali na nauli hana? Asiyejua hulala usingizi, aliyejulishwa hukesha. Wilson na Jungner, walioliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, waliweka miongoni mwa masharti ya uchunguzi wa namna hii kwamba pawepo tiba inayokubalika na mahali pa kuitolea. Sharti hilo ni la haki. Lakini watu wengine hulishika kwa upande wa makali, wakasema kuwa mahali pasipo tiba pasipimwe. Wakisema hivyo, umaskini wa leo hufanywa kuwa sababu ya umaskini wa kesho. Sharti halikuwekwa ili kumpumzisha daktari. Liliwekwa ili kumfunga: akipima, na atibu. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kupima ni kuahidi.

Mwanafunzi akifundishwa hivyo, masomo yake hubadilika. Siku anayojifunza kupaka siki, siku hiyo hiyo yapasa ajifunze kuunguza sehemu iliyoharibika kwa baridi au kwa joto, katika chumba kile kile, ili mwanamke anayefaa kutibiwa hivyo asirudi nyumbani na habari bila dawa. Akikuta uvimbe uliokwisha komaa, yampasa ajue nani atampokea mgonjwa huko mbele, aandike barua, kisha aulize mpaka apate hakika kama alifika. Anayeandika barua ya rufaa na kulisahau jina la mgonjwa amehamisha mzigo tu.

Washambaa walikuwa na maneno mawili juu ya watawala wao: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Mwanahistoria Steven Feierman aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Nguvu ya kuleta mvua na nguvu ya kuizuia zilikaa kwa mtu mmoja, wala raia hakuridhika kusikia kuwa mtawala ana nguvu. Alitaka kuona zinaelekea wapi. Elimu ya daktari ni nguvu ya namna hiyo. Jicho lile lile linalotambua alama nyeupe laweza kumponya mwanamke, na laweza kumwacha na hofu tupu.

Tena mgonjwa milimani haamui peke yake. Mume, mama, na wakubwa wa ukoo hushauriana, na pengine mganga wa kienyeji huulizwa kwanza. Mwanafunzi akifunzwa kulidharau baraza hilo, humpoteza mgonjwa pamoja nalo. Akifunzwa kuketi nalo kwa adabu, kwa idhini ya mgonjwa na kwa kuilinda siri yake, hupata wasaidizi ambao hakuna hospitali iwezayo kuwaajiri.

Imebaki saa ambayo tiba imeshindwa. Neno baya kuliko yote analoweza kujifunza mwanafunzi ni hili: "Hakuna tena la kufanya." Neno hilo si kweli. Huko Uganda daktari Anne Merriman alianzisha mwaka 1993 huduma ya wagonjwa wasiotazamiwa kupona, wakapewa mofini ya maji ya kunywa iliyochanganywa kutoka unga wake kwa gharama ndogo. Na mwaka 2004 nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandikia wagonjwa. Uchungu uliondolewa majumbani, pasipo mashine na pasipo jengo kubwa. Basi mwanamke wa Mtae aliyerudi kutoka Dar es Salaam bila kupona bado ana haki ya kulala usiku bila kupiga kelele, na mwenye kumdai daktari haki hiyo hadai sadaka.

Ikiwa hivyo ndivyo, kazi tatu za tiba ni ahadi moja iliyogawanywa katika nyakati tatu. Kinga ni ahadi kwa msichana, utambuzi ni ahadi kwa mama, na matunzo ni ahadi kwa anayeondoka. Chuo kinachomfikisha mwanafunzi Lushoto kabla hajaizoea Ocean Road humwonyesha ahadi hiyo mahali inapoanzia. Mtihani waweza kupima anayojua. Uaminifu wake utapimwa na mwanamke aliyemwamini akapanda juu ya meza ya uchunguzi hali haumwi.