Uhuru wa kuchagua chumba usiwe wa upande mmoja

NDUGU zangu katika imani, barua ya mtoto kukubaliwa chuo kikuu Marekani ikifika nyumbani, furaha huwa kubwa. Tunasoma ada, tunasoma tarehe ya kuripoti. Ukurasa wa malazi tunaupita mbio. Leo naomba tuusome.

Vyuo kadhaa vya huko vina malazi yasiyotazama jinsia, yaani mvulana na msichana wanaruhusiwa kupanga chumba kimoja wakikubaliana. Yale iliwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Rutgers kilianza mwaka 2011, baada ya msiba wa Septemba 2010, ambapo mwanafunzi mmoja alijiua siku chache baada ya mwenzake wa chumbani kumchungulia kwa kamera ya kompyuta akiwa faragha na mwanamume mwingine.

Tuwe waadilifu. Kuchungulia kule kulikuwa dhulma. Qur’an (49:12) imekataza kupelelezana, na makatazo hayo hayaulizi kwanza anayepelelezwa ni mtu wa namna gani. Anayesema kuwa mwanafunzi asinyanyaswe chumbani mwake amesema haki, hata kama hatukubaliani naye katika mengine yote.

Lakini watetezi wa utaratibu huu wana hoja moja wanayoipenda sana: hili ni chaguo tu, asiyetaka asichague. Je, ndivyo?

Mwaka 1997, wanafunzi wa Kiyahudi washika dini waliiambia Yale kuwa imani yao haiwaruhusu kuishi katika mabweni ya mchanganyiko. Kanuni ya chuo iliwalazimisha wanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo kukaa bwenini, isipokuwa wenye ndoa na waliofikisha miaka 21. Waliomba ruhusa ya kupanga nje, wakakataliwa. Mmoja wao alifunga ndoa ya serikali mapema ili apate msamaha. Wanne walikwenda mahakamani. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa iliwakatalia: Yale ni chuo binafsi, na asiyeridhika angeweza kusoma kwingine.

Hapo ndipo penye swali la maadili. Anayetaka kuchanganyika anaitwa mtu huru, mlango unafunguliwa. Anayetaka kujistiri anaambiwa atafute chuo kingine. Kama uhuru ni kuchagua, basi na stara nayo ni chaguo. Uhuru unaofungua mlango mmoja na kufunga mwingine ni upendeleo uliovikwa jina zuri.

Wapo watakaouliza: mbona darasani wanakaa pamoja? Jibu lipo katika Surat Nur (24:58). Allah (s.w.) ametaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumbani hubisha hodi: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Ikiwa mtoto wa tumbo lako anapiga hodi, itakuwaje ajinabi mwenye kitanda chake humo humo? Darasani mtu huja amevaa. Chumbani ndipo anapovua, anapolala, anapougua. Na Mtume (s.a.w.) alikataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, bila kubagua mwema na muovu.

Sasa tujitazame wenyewe. Hapa Dar es Salaam hakuna chuo kinachotulazimisha, lakini uhaba wa hosteli umezaa “kubebana” kitanda kimoja na mageto ya mitaani, ambako wapo vijana wanaoishi kinyumba bila ndoa na mzazi akituma kodi akidhani binti anaishi na shoga yake. Tunaing’aka Marekani kwa jambo walilolitungia kanuni, wakati sisi tunalifumbia macho. Ni wangapi kati yetu wamewahi kwenda kukiona chumba wanacholipia?

Basi mzazi, kabla ya kulipa, uliza: ipo ghorofa ya jinsia moja? Choo na bafu ni vya nani? Asiyetaka anaruhusiwa kupanga nje? Kijana, andika ombi lako mapema na kwa adabu, wala usione haya. Na sisi wenye nyumba za kupangisha karibu na vyuo, tutenge japo moja kwa ajili ya mabinti, kwa kodi wanayoiweza. Hatuwezi kudai huko mlango ambao hapa kwetu hatujaujenga.

Wabillahi tawfiq.