Asante Isiyo Yangu

Kila nikiwasha gari, kuna mama hunisemesha kwa Kijapani. Mwaka mzima sikujua anasema nini. Shangazi yangu wa Msambweni aliwahi kuuliza, nikamwambia, "Anakuamkia." Naye akajibu, "Marahaba, mwanangu." Tukacheka, tukaondoka.

Wengi wenu mnamjua huyo mama. Kenya huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, na mengi hutoka Japani, ambako pia watu huendesha kushoto. Hushuka bandarini Mombasa na lugha yao, ramani zao na milio yao. Mimi nilichofanya ni kupunguza sauti.

Mwezi uliopita, pale Ukunda, boda akanikata mbele ghafla. Gari likapiga mlio. Nikadhani ni yale yale. Kabla mguu wangu haujafika kwenye breki, gari likasimama lenyewe. Kijana akaja dirishani akitetemeka: "Asante, bro. Umeniokoa."

"Usijali," nikasema.

Tulipofika Diani ndipo shangazi akanyanyua mdomo: "Amekushukuru. Kwani wewe ulifanya nini?"

Jioni nilitafsiri kwa simu. Kumbe yule mama hulalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za haraka za Japani haijaingizwa. Kadi gani, Likoni hadi Lunga Lunga? Sauti isiyonihusu ndiyo iliyonizoesha kutosikia ile iliyonihusu. Kwa hiyo mtengenezaji ana la kujibu: chombo kikiropoka kila siku, siku ya hatari hakisikiki. Onyo la hatari lingekuwa na namna yake peke yake, hata kiti kitetemeke. Mtetemo hauhitaji mkalimani.

Lakini mzigo wote siwezi kumtwika. Yeye alimfikiria dereva wa Osaka. Aliyelileta gari Kwale ni mimi. Pesa ya rimu mpya nilipata. Nusu saa ya kujifunza alama za dashibodi sikupata. Onyo lisiloeleweka si onyo, sawa. Ila nikichagua kutoelewa, ujinga wangu unageuka uamuzi, na anayeulipia ni mtu mwingine barabarani.

Juzi nilimwona yule kijana stejini. Akanipungia mkono kama ndugu. Nikataka kusimama nimwambie ukweli. Matatu nyuma yangu ikapiga honi. Hiyo niliielewa mara moja, nikaondoka.